Jana Uliweza, Leo Unashindwaje?

Swali hili mtu mzima mwenye usonji (autism) au ADHD, hali mbili za ukuaji wa ubongo, hulisikia kwa mama yake, kwa bosi, kwa mume, na baada ya miaka kadhaa anaanza kujiuliza mwenyewe. Jana alipika pilau la watu kumi na tano, akaosha masufuria, usiku akamaliza ripoti ya mwezi. Leo ameshindwa kujibu meseji ya mstari mmoja. Majibu ya majirani yako tayari: mvivu, ana kiburi, anajisikia, kachezewa na mtu. Sisi tunaoishi na hali hizi tumejifunza kwamba kupanda na kushuka huko ni sehemu ya hali yenyewe. Anayekuona umeweza jana na kushindwa leo hajakukamata ukiigiza.

Usonji unagusa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni namna mtu anavyowasiliana na kuwasoma wenzake. La pili ni kushikilia mpangilio, kupenda jambo moja kwa kina kisicho cha kawaida, na hisi zilizo kali au hafifu kuliko za wengi: sauti, mwanga, harufu, mguso. ADHD inafanya umakini, hisia ya muda na msukumo wa ghafla visitawalike kwa amri; mtu anajua la kufanya, anataka kulifanya, na mkono hauendi. Zote mbili huanza utotoni, zote huenda na ukoo, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote. DSM, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, unaotumiwa na madaktari wa akili nchi nyingi, ulizuia kuziandika zote kwa mtu mmoja mpaka toleo la tano lilipotoka mwaka 2013. Mwenye zote mbili anataka ratiba na hawezi kuifuata. Anatamani kimya, akikipata kinamchosha ndani ya nusu saa.

Hapa Dar ukitaja usonji, watu wanamfikiria mtoto asiyeongea, na pengine kitengo cha watoto wenye usonji pale Shule ya Msingi Msimbazi Mseto. Watoto hao wanakua. Na wapo ambao hawakuwahi kutambuliwa kabisa, wakamaliza chuo, wakaajiriwa, wakaoa au kuolewa, huku wakiitwa mjuaji, msahaulifu, au "yule dada mpole". Wanawake hasa huishia kwenye hilo la upole, kwa sababu binti anayenyamaza hapa kwetu hamshtui mtu.

Tukirudi kwenye swali: uwezo wa siku ni kama uniti za LUKU. Pasi na friji vinakula kimyakimya wakati wewe unahesabu taa tu, na zikiisha, zinakata bila mjadala. Kwa mtu mwenye usonji, vinavyokula ni kutabasamu kwa kujilazimisha, kupanga sura, kuvumilia kola inayokwaruza, kusikiliza watu watatu wakiongea pamoja. Kwa mwenye ADHD ni kujizuia asiinuke kikaoni, kusoma aya ileile mara nne, kukumbuka asisahau. Anayeishia kulala saa tatu mfululizo baada ya kazi hajafanya kazi ndogo kuliko wenzake. Kazi yake ya pili haikuonekana.

Ndiyo maana safari ya asubuhi ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Chukua daladala iliyojaa ya kwenda Kariakoo mwezi Februari. Kuna joto, jasho, konda anayegonga bodi, redio, honi, manukato ya mtu, mafuta ya nywele ya mwingine, na bega la abiria linalokugusa kila gari likifunga breki. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kisichovumilika. Tatizo ni jumla. Mtu anafika ofisini saa mbili akiwa tayari ametumia uniti za siku nzima, na mwenzake anamkaribisha kwa utani.

Zipo njia za kupunguza. Ya kwanza Wadar wengi wanaijua kwa sababu nyingine: kugeuza nalo. Unapanda gari likiwa linaelekea mwisho wa njia, unalipa nauli mbili, unapata siti ya dirishani. Epuka siti ya karibu na mlango, maana hapo utapata sauti ya konda na kila anayeshuka atakupitia. Kwa ambaye kusimama katikati ya watu humwondolea nusu ya siku, nauli ya pili si anasa. Kwenye mwendokasi hakuna cha kugeuza. Pale kinachosaidia ni kuondoka kabla ya msongamano wa alfajiri au kuomba kazini uingie baadaye na kutoka baadaye.

Ya pili ni vizibo vya masikio vya sponji. Vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na usalama kazini. Wengi huvijaribu mara moja na kusema havifai, na kosa huwa ni moja: wanavisukuma vikiwa vinene. Kivingirishe kwanza kati ya vidole mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole kama nusu dakika mpaka kijae. Kikikaa vizuri sauti yako mwenyewe inakuwa nzito kichwani. Vitoe ukivuka barabara, kwa sababu bodaboda haifuati upande. Vitoe pia ukifika mahali patulivu. Ukivaa kutwa nzima, masikio yanazoea kimya na kelele ndogo inaanza kuuma.

Nguo nayo. Lebo ya shingoni usiikate kwa mkasi, kijipande kinachobaki huchoma kuliko lebo yenyewe. Fumua uzi wa mshono kwa wembe, itoke nzima. Shati la mitumba la pamba lililofuliwa mara nyingi linakaa mwilini vizuri kuliko jipya. Sare ya harusi ni mtihani mkubwa zaidi: kitenge kipya kina wanga, kinabana, na huwezi kukataa kushona kwa sababu ni ya ukoo mzima. Mwambie fundi mambo matatu kabla hajakata: bitana ya pamba, kwapa zilegee, shingo iwe wazi. Na kitenge kiloweke na kukifua mara mbili kabla ya kumpelekea.

Jumla ikizidi, mambo huenda njia mbili. Mmoja atalipuka, atalia au kupiga kelele. Mwingine atazima: sauti inapotea, anakuelewa lakini hawezi kujibu, macho yanabaki sehemu moja. Hapo ndipo watu wazuri hufanya mabaya. Wanamzunguka, wanampepea, wanamshika bega, wanauliza "una nini?" kila mmoja kwa zamu, na mtu akisema ni majini, sala zinaanza kwa sauti. Kila kitendo hapo kinaongeza kilekile kilichomzidi. Kinachosaidia ni kidogo sana. Punguza watu, zima redio na taa kama inawezekana, mpe maji bila kumlazimisha, usimguse bila ruhusa, uliza swali moja tu la kujibiwa kwa kichwa: "Tutoke nje?" Kisha subiri. Inaweza kuchukua dakika ishirini, inaweza kuchukua mchana wote. Mawaidha yasubiri mpaka kesho yake.

Kuna hisi nyingine isiyozungumzwa, ya ndani ya mwili. Wengi wetu hatuhisi njaa, kiu wala haja ndogo mpaka vifikie ukingoni, na katika joto la Dar matokeo yake ni kichwa kuuma na hasira ambazo hazina chanzo. Kusubiri kiu hakufai. Kunywa kwa saa. Adhana inasaidia hata kwa asiyeswali, kwani adhuhuri, alasiri na magharibi zinapita kila siku bila wewe kuzikumbuka, na glasi moja kwa kila mojawapo ni mwanzo mzuri.

Muda ni ugonjwa wa upande wa ADHD, na hapa tutakaa kidogo. Tuseme kikao kiko Posta saa tatu kamili asubuhi, na mtu anatoka Kimara. Kichwa chenye ADHD kinahesabu basi peke yake, dakika hamsini, kinaamua kutoka saa mbili na dakika kumi. Vilivyo kati ya shughuli na shughuli havionekani. Viandike kwa kurudi nyuma: kujiandikisha kwa mlinzi getini na kupanda ghorofa, dakika 15, kutembea kutoka kituoni, 10, basi, 50, foleni na kusubiri, 30, bodaboda kutoka nyumbani, 10, viatu, funguo, kurudi ndani kuchukua simu, 15. Jumla ni dakika 130. Mtu huyo anatakiwa aanze kutoka saa moja kasoro dakika kumi. Ukiandika mara moja kwa njia unayoipita kila wiki, ibandike nyuma ya mlango, usiihesabu tena.

Alamu moja haitoshi, na sababu yake inajulikana: inalia ukiwa katikati ya jambo, unaizima, unasema dakika moja. Weka mbili zenye majina. Ya kwanza iite "Acha", ilie dakika kumi kabla, kazi yake ni kukusimamisha tu. Ya pili iite "Toka". Simu ikae mbali na mkono, juu ya meza ya mlangoni, ili kuizima kukulazimishe kusimama. Baada ya wiki kadhaa sikio litazoea mlio na kuupuuza. Badilisha mlio kabla haujafika hapo.

Upande wa pili wa muda haucheleweshi, unagandisha. Mtu ana miadi saa nane mchana, basi asubuhi nzima haifanyiki kitu, anazunguka chumbani akisubiri. Anaonekana kama amepumzika, kumbe amechoka. Omba miadi ya asubuhi kila unapoweza, siku iliyobaki irudi kwako.

Nyumbani hatari kubwa ni vitu vinavyoendelea bila kuangaliwa. Maharage yaliyo jikoni hayaiti. Kanuni tunayoishi nayo ni kwamba moto ukiwaka, mpishi hatoki jikoni. Kiti kiwepo humo, na kazi za mikono zifanyiwe humo, kuchambua mchele, kukunja nguo. Ukilazimika kutoka, toka na mwiko mkononi, utakuuliza unatafuta nini sebuleni. Ukimaliza kupika, gesi ifungwe kwenye mtungi, isiachwe kwenye kitasa cha jiko peke yake. Nguo za kuloweka ni vilevile: Jumamosi mtu analoweka mabeseni matatu kwa ari kubwa, anafua moja, mengine yanakutwa Jumatatu yananuka, na hapo anajiona hafai. Loweka beseni moja, weka alamu ya nusu saa, anika, ndipo uamue kama lipo la pili.

Kuanza ndiko kugumu kuliko kufanya. Kukaa na mtu mwingine kunasaidia kwa namna ambayo hata sisi hutushangaza. Hahitaji kukusaidia kazi, awe tu chumbani na shughuli zake. Nyumba zetu zina watu, tumia hilo. Mwambie mdogo wako, "Kaa hapa nijaze fomu hii, usinisemeshe." Wengi watakubali, wakishangaa kidogo.

Pesa. Kodi ya nyumba Dar mara nyingi hulipwa ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na deni la mbali kiasi hicho halina uzito kwa ubongo wa ADHD mpaka wiki ya mwisho. Ahadi za kujibana hazifanyi kazi. Mchezo wa kuchangiana kwa zamu unafanya kazi, kwa sababu kijumbe anakuja mlangoni leo, ana sura, ana daftari, na wenzako wanasubiri zamu. Kama hela ya siku unampa kijumbe bila kukosa, panga zamu yako iangukie mwezi wa kodi. Laini ya pili ya simu kwa ajili ya kodi, isiyokaa kwenye simu unayotembea nayo, inasaidia pia. Mikopo ya haraka ya kwenye simu na ile ya kausha damu iogope kuliko wanavyoiogopa wengine: msukumo wa dakika mbili ndio soko lake. Ankara ya maji ikiingia kwa meseji, lipa papo hapo kabla hujafunga meseji. Ukiifunga, imezikwa.

Kwenye mazungumzo, usonji na Kiswahili cha mjini vina uhusiano wa ajabu. Salamu zetu ni rahisi. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, za watoto, za kazi: kila swali na jibu lake, hakuna anayesubiri ripoti ya kweli. Hata kutoangalia machoni hakuonekani, maana kijana mbele ya mkubwa anatakiwa ainamishe macho. Ugumu unaanza salamu zikiisha. "Karibu tule" inaweza kuwa mwaliko au adabu tu. "Niko njiani" inaweza kumaanisha anaoga. "Tutaona" ya bosi mara nyingi ni hapana. Na kuna vijembe, ambavyo mtu mwenye usonji huweza kuvipokea kama habari za kawaida na kujibu kwa dhati, watu wakacheka.

Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: asiye na usonji naye hamsomi vizuri aliye nao. Kwa hiyo daraja lijengwe kutoka pande zote. Bosi anayesema "nifanyie ile kazi mapema" anaomba matatizo. Anayeandika "ripoti ya mauzo ya Machi, ukurasa mmoja, nitumie WhatsApp kabla ya saa sita Jumatano" atapata ripoti. Ujumbe wa sauti wa dakika nne ni mateso kwa wote wawili, mwenye usonji na mwenye ADHD. Omba maandishi, au usikilize huku ukiandika. Kwa upande wetu, swali la kunyoosha linaokoa mengi: "Hii 'kesho' ni Alhamisi kweli, au ni siku nyingine?" Litamkera mtu mara moja, lakini linazuia mgogoro wa mwezi.

Msiba hauepukiki, na hapa kukosekana husemwa miaka. Kukaa mkekani saa nyingi katikati ya vilio, na kulaumiwa kwamba hulii, ndiko kunakovunja watu. Omba kazi. Kuandika daftari la rambirambi, kuchota maji, kuosha sahani, kupanga viti, kwenda kununua mchele: kazi hizi zina mwanzo na mwisho, zinakuondoa kwenye kelele kwa zamu, na hakuna shangazi atakayesema hukuwepo. Fika mapema kabla uwanja haujajaa. Mikono ikitaka kuchezea kitu, kona ya kanga, pete au tasbihi haiulizwi na mtu.

Kazini, kuomba mpangilio ni rahisi kuliko kutaja jina la hali. "Naomba kukaa mbali na mlango, na maagizo kwa maandishi" inakubalika hata na bosi asiyejua usonji ni nini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010, ila kuitumia kunahitaji karatasi ya daktari.

Karatasi hiyo inatafutwa kwa daktari wa magonjwa ya akili. Muhimbili wana idara yake. Dodoso za mtandaoni zinaweza kukupa maneno ya kuanzia, haziwezi kukupa jibu. Kwa ADHD ya mtu mzima, DSM-5 inataka angalau dalili tano za kutotulia kwa umakini, au tano za utukutu na msukumo, zilizodumu miezi sita au zaidi, nyingine zikiwa zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, na katika mazingira zaidi ya moja. Daktari makini ataangalia pia vinavyofanana nayo: upungufu wa damu, tezi ya shingo, usingizi mbovu, sonona, wasiwasi, bangi. Usonji wenyewe hauna dawa ya kuuondoa. ADHD ina dawa za kusaidia umakini, kama methylphenidate. Zinaweza kupunguza hamu ya kula na usingizi na kupandisha mapigo ya moyo na presha, kwa hiyo vipimo hivyo hufuatiliwa, na hazichukuliwi kwa rafiki. Kama unafunga Ramadhani, saa za kumeza zipange na daktari kabla mwezi haujaandama.

Beba ripoti za shule kama zipo. Maoni ya walimu yana thamani, yale ya "ana uwezo ila hatulii" na "anajitenga". Beba mifano iliyoandikwa, si maelezo ya jumla: badala ya "mimi ni msahaulifu", andika ulichosahau mwezi huu na kilichotokea. Kisha zungumza na mama, au bibi, au shangazi aliyekulea. Ukimuuliza "Mama, nilikuwa na shida gani utotoni?" atajihami, atasema ulikuwa mtoto mzuri tu. Muulize vitu vidogo. Ulianza kuongea lini, ulikuwa unakataa chakula gani, ulicheza na nani, ulilalaje, ni sauti gani ilikuliza, mwalimu alimwita shuleni kwa ajili ya nini. Andika majibu kwa maneno yake mwenyewe. Akikubali kuja kliniki mlipie nauli, mkae pamoja, na mwache aongee na daktari bila kumsahihisha.